Kopo la Vidonge vya Zuhura

Manzese, Jumatano, 1995

Mvua imenyesha tangu alfajiri, uani maji yamejaa. Sijafua wala sijafagia. Nimekaa tu nalitazama kopo.

Ni kopo la maziwa ya unga, tumelirithi kwa marehemu mama. Ndani mna vidonge vinane vya fangasi. Mdogo wangu Zuhura alitakiwa awe amevimeza vyote zamani.

Mimi ndiye niliyemzuia.

Anaumwa mwaka wa pili sasa, na ugonjwa wenyewe humu ndani hatuutaji. Utando mweupe ulipomjaa mdomoni mara ya kwanza, aliandikiwa vidonge vya wiki mbili. Siku ya nne ulimi ukawa safi, akala wali kwa samaki, tukacheka. Nikamwambia basi, acha, vilivyobaki tuweke. Utando uliporudi, nikampa vya siku tatu kutoka kwenye kopo. Ukatoka tena. Nikajiona bingwa. Tumekwenda hivyo mara nne, labda tano, vikipungua naongeza vya dukani.

Sisi tumekulia kwenye foleni za sukari. Mama akipata mche wa sabuni, alikata kipande cha kufulia na kingine akakificha chini ya kitanda. Siku hizi maduka ya dawa yako kila kona, lakini mkono wangu haujajifunza kumaliza kitu.

Leo Zuhura ameshindwa kumeza hata uji, nikampeleka zahanati. Daktari, binti mdogo kwangu kwa umri, alimmulika koo kwa tochi, akaniuliza dawa alikuwa anaitumiaje. Nilimweleza kwa fahari kabisa. Akainamisha kichwa.

“Dada yangu, vijidudu vya fangasi havifanani vyote. Vipo vichache vinavyoweza kuistahimili dawa. Kila mlipoikatisha, vilikufa vile dhaifu, hivi vigumu vikabaki na nafasi yote, vikazaana. Sasa koo lake limejaa hivyo tu. Vidonge hivi havimsaidii tena.”

“Hakuna dawa nyingine?”

“Ipo ya kuchoma mshipani, ila sie hapa hatuna. Na sijui hata nikuelekeze wapi.”

Heri angenifokea.

Miaka yote nimejiona dada mwangalifu. Kumbe nilikuwa navilea vijidudu hivyo kwa mkono wangu, kwenye koo la mtoto niliyembeba mgongoni. Najichukia. Hakuna neno jingine.

Zuhura hakuyasikia hayo, alikuwa ameshatoka, amekaa kwenye benchi nje. Alasiri hii nimemletea uji, akautema kwenye kanga. Kisha akaniangalia kwa matumaini, na hapo ndipo nilipokwisha kabisa.

“Dada, si tuna akiba yetu kwenye kopo? Nipe basi, mie nataka kula.”

“Ipo, mdogo wangu.”

Nikampa kimoja na maji. Amehangaika nacho, machozi yakimtoka, mpaka kikashuka. Halafu akanishika mkono, akanishukuru.

Kesho ataomba cha pili. Nitamwambia nini?