Airisi Yangu Imesimama kwa Waya

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana aibu iko mlangoni. Mimi ni mpiga chapa mstaafu, na tangu nihamie mji huu miaka thelathini iliyopita nimekuwa nikizalisha maua ya airisi nyuma ya nyumba, nachukua chavua ya ua hili kwa brashi naipaka ua lile, napanda mbegu, nangoja miaka mitatu nione kilichozaliwa, na mara nyingi ni kichekesho, ila mwaka huu mche mmoja umetoa ua la zambarau lenye ukingo wa rangi ya asali, na chama chetu cha bustani kimekubali ua hilo liitwe jina la marehemu dada yangu, ambaye sikuweza kurudi kwetu kumzika, na wanachama wanane watakuja Jumamosi hiyo kugawiwa vipande vya mche huo wakapande kwao, lakini mshauri, mche huu hauna mizizi ya maana, upepo ukivuma unalala chali, nami nimeusimamisha kwa waya niliouficha kati ya majani, na anayejua ni mke wangu tu, aliyeniambia, "Mzee wangu, ua lako linatembelea mkongojo." Pembeni ya mche huo yupo ndugu yake, mche wa mbegu ya tunda lile lile, ua lake rangi ya maji ya kufulia, ila huyo ukimvuta utang'oka wewe. Je, nigawe na kunyamaza?

Mwenye Waya

Mzee wangu Mwenye Waya, pole kwa dada. Kwa waya sikupi pole.

Hukuniambia unamwagilia mara ngapi. Nakisia kila asubuhi, na samadi juu. Airisi ikiletewa kila kitu mdomoni, itafuata nini chini? Umelea mche kama kitindamimba, sasa unashangaa hausimami. Na jina la dada yako unataka lianguke katika bustani nane?

Jumamosi usigawe kitu. Wape wageni chai, waonyeshe ua, kisha chomoa waya mbele yao. Watacheka, nawe ucheke. Halafu chavua ya mrembo ipake kwa yule ndugu wa maji ya kufulia. Miche itakayozaliwa ipande pakavu, bila samadi, migongo ya mashina yanayolala udongoni iote jua. Najua utaniambia habari ya miaka mitatu na umri wako. Panda.

Ikichanua, vuta kila mmoja kwa mkono. Unaong'oka tupa, hata uwe na rangi ya peponi. Ukipata mzuri uliokugomea, mwite mkeo naye auvute. Ukimgomea na yeye, alika watu.