Bomba la Saba la Kikondja

Liège, 4 Novemba 2024

Baba mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mgongo unasemaje? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inanitafuta hadi ndani ya soksi.

Mabomba ya tope tuliyochimba wewe na mimi Julai, kwenye matete ya Kikondja, yamefika yote kumi, kila moja na kipande chake cha shimo lile lile, la kwanza juu, la kumi chini. Jana nilipasua la saba. Harufu ni ile ile, ya kambare na mizizi. Nikafumba macho, nikawa tena kwenye mtumbwi, nawe unaniambia: “Pole pole, Léa. Tope haina haraka, iko inatungoja tangu zamani.”

Ninachohesabu humo ni vumbi la maua lililozama maelfu ya miaka iliyopita. Likiwa la miti, palikuwa na mvua na joto. Likiwa la nyasi, palikuwa pakavu na baridi. Watu hudhani enzi ya barafu ilikuwa baridi moja kwa dunia nzima. Sivyo, Baba. Kaskazini ya huku barafu ilipanda kama milima, na hapa nilipoketi palikuwa uwanda mtupu wa upepo. Sahara ilitanuka. Lakini jangwa fulani la Amerika lilijaa maziwa. Kila nchi na tabia yake, kama watoto wa tumbo moja.

Na kwetu? Bomba la saba lina miti chini, kwenye miaka ya kale, na nyasi juu. Maana yake, Ulaya ilipoganda, Kikondja ilikuwa na joto na mvua. Hakuna aliyewahi kusema hivyo. Machi nitalieleza mbele ya wataalamu, na shahada yangu yote imeegemea bomba hilo.

Mwanao,
Léa

Ruashi, 9 Desemba 2024

Léa, mwanangu,

Tunakusalimu. Mgongo unalalamika kama kawaida yake, mvua imeanza, Mama yako ni mzima na anauliza kama unakula bukari, ugali wetu, au majani tu kama mbuzi.

Amenisomea barua yako mara mbili. Usiku nikaota niko Kikondja ya wakati huo. Msitu ulifika hadi majini, umande wa joto ulidondoka, na hapakuwa na mtu wa kuupa mto jina. Niliamka nikakaa kitandani muda mrefu, sitaki kutoka humo. Parokiani kila mtu anajua sasa kwamba binti yangu ameikuta mvua ya zamani.

Niambie tu jambo moja. Bomba la saba ndilo la siku ile uliyolala na malaria?

Baba yako

Liège, 5 Januari 2025

Baba mpenzi,

Heri ya mwaka mpya. Majani nakula, na bukari pia.

Ndiyo, ndilo hilo ulilofunga peke yako. Kifuniko chekundu juu, cheusi chini, kama ulivyonifundisha nikiwa darasa la tatu. Kwa nini unauliza?

Mwanao,
Léa

Liège, 10 Februari 2025

Baba,

Hamjambo huko? Mwezi umepita bila neno lako. Nikimpigia Mama, anasema, “Baba yako iko muzuri,” kisha anaanza habari za mvua. Kama ni mgonjwa, nisifichwe. Wataalamu wanakutana tarehe kumi na nne Machi, na ningependa kwenda na baraka yako.

Mwanao,
Léa

Ruashi, 3 Machi 2025

Léa,

Salamu nitaziweka mwisho, nisije nikajificha ndani yake.

Miaka miwili sasa macho yangu yana ukungu. Ni mtoto wa jicho. Nyekundu na nyeusi kwangu zimekuwa rangi moja. Siku ile ulikuwa unatetemeka chini ya blanketi, nami nikalivuta bomba la saba peke yangu, vifuniko viwili mkononi. Ningeweza kumuuliza mwenye mtumbwi. Lakini nimechimba mabomba miaka thelathini na moja, na hakuna aliyewahi kusikia Adalbert akiuliza lipi ni juu. Nikakisia.

Barua yako ilinipa furaha wiki nzima. Kisha vidole vikaanza kukumbuka. Mwisho wa chini wa bomba lile ulikuwa mgumu, wenye mchanga. Wa juu ulikuwa laini na mizizi. Wewe unaniambia ukavu uko juu. Basi, mwanangu, bomba linasimama kwa kichwa, na ndoto yangu nayo pia.

Nilinyamaza kwa aibu. Mama yako anasema, “Ule muzee, macho yake ilikufa, kiburi ndiyo iko inaona.” Ni yeye aliyeniketisha na kuandika ninayosema. Hata niliposema simu inaharibu maneno, tuandikiane kwa karatasi, ni kwamba siyaoni maneno kwenye kioo chake.

Chancelvie, jirani yetu, anapanda ndege kesho na barua hii. Nisamehe. Mgongo ni mzima.

Baba yako

Liège, 17 Machi 2025

Mama, msomee polepole.

Baba mpenzi,

Salamu kwenu wawili. Barua ilifika siku nne kabla ya mkutano. Nilikukasirikia siku mbili, si kwa ajili ya bomba, bali kwa miaka miwili ya kunificha.

Siku ya tatu niliwasha taa, nikaligeuza. Likakaa sawasawa kati ya la sita na la nane. Mimi nami nilikuwa nimeona kwamba hayaungani, Baba. Nilijifanya sioni kwa sababu nilipenda habari kubwa. Kumbe tulikuwa vipofu wawili, na mmoja alikuwa na macho mazima.

Kikondja ya kweli haikuwa na barafu wala msitu ule. Palikuwa na baridi, mvua chache, nyasi hadi upeo wa macho, na miti michache imejibanza mtoni. Naiona nikifumba macho, na naipenda zaidi kuliko ile ya kwanza. Niliwaambia wataalamu hivyo. Niliwaambia pia kwamba bomba liligeuzwa, na aliyegundua ni mchimbaji mwenyewe, kwa vidole, akiwa Ruashi. Mzee mmoja aliomba nimtajie jina lako herufi kwa herufi.

Shahada imesogezwa mwaka mmoja. Nimelia, nimemaliza. Nakuja Juni: kwanza daktari wa macho, halafu Kikondja. Safari hii mimi nitashika vifuniko, wewe utashika tope. Na kabla sijafunga lolote nitakuuliza mbele ya kila mtu: Baba, juu ni wapi?

Mwanao,
Léa