Bibi kwenye usaili wa udaktari wa meno

Habiba, nimekufa kwa aibu! Mdogo wangu Mwanajuma leo kaitwa usaili chuo cha meno. Bibi kang'ang'ania kumsindikiza mpaka ndani, mimi nachungulia dirishani.

Kaulizwa kwa nini kachagua meno. Hajajibu, bibi kadakia: "Damu yetu hiyo! Kijiji kizima cha Mtawanya, kichanga akiharisha, meno ya nailoni, hivyo vijino laini vya chonge ufizini vinavyomharisha, namng'oa mimi. Kwa spoku ya baiskeli!"

SPOKU, Habiba! Mbele ya madaktari watatu!

Kalamu zikawekwa chini. Spoku jamani!

Mwanajuma machozi yanamlenga. Mara kapanua kinywa, kawaonyesha pengo la chonge. "Hapa alining'oa yeye nikiwa kichanga. Jino halijaota mpaka leo. Ndiyo maana nimekuja."

Wamempa nafasi palepale!

Na bibi? Njia nzima ya kurudi nyumbani Kibiti anatamba: "Bila mimi chuo ungekipata?"