Fomu Iliyouliza Asili

UMOJA WA WATUMISHI NA WASTAAFU, KIGOMA
KAMATI YA MAANDALIZI YA KONGAMANO LA NGUVUKAZI NA UONGOZI
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA NNE

Tarehe: Jumatano, 11 Juni 2025
Mahali: Ukumbi mdogo wa Umoja, Katubuka
Muda: Kiliitwa saa 3:00 asubuhi. Kilianza saa 4:10.

WALIOHUDHURIA
1. Mzee Eliakimu Ruhomvya, mwalimu mkuu mstaafu – Mwenyekiti
2. Bw. Leonardi Gwimo, mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala – Mjumbe (uchapaji)
3. Bi. Shadia Marijani, wa Ujiji – Mjumbe (chakula na mapokezi)
4. Bw. Edson Laizer, afisa utumishi – Mjumbe (ratiba)
5. Bi. Christina Ndunguru, afisa maendeleo ya jamii – Katibu

WASIOHUDHURIA
1. Bw. Jeremia Ntahondi – kwa taarifa (msiba, Simbo)
2. Bw. Nassib Kapama – bila taarifa, mara ya tatu

KUMB. NA. 1/4/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alisalimia wajumbe kwa Kiha, "Mwakeye," nao wakaitikia. Katibu naye aliitikia. Hilo ndilo neno la Kiha analolijua kwa uhakika baada ya miaka kumi ya kuwa Kigoma. Kila mjumbe alisali kimya kwa imani yake, kikao kikafunguliwa.

KUMB. NA. 2/4/2025: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Bw. Leonardi alilalamika kwamba ukurasa wa pili umeandikwa kuwa "alichelewa" kuleta nakala za ajenda, ilhali yeye "alikawia" tu. Katibu aliombwa kusahihisha na alisahihisha. Tofauti ya maneno hayo haikuelezwa. Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/4/2025: YATOKANAYO – FOMU ZA WAZUNGUMZAJI

Katibu alikumbusha kwamba kikao cha tatu kilimwagiza kuandaa fomu ya kukusanya historia ya kazi ya wazungumzaji saba, yaani elimu, vyeo na mahali walipofanya kazi, ili kila mmoja atambulishwe ipasavyo siku ya kongamano, tarehe 5 Julai. Katibu aliandika fomu hiyo yenye kichwa USULI WA MZUNGUMZAJI na kumkabidhi Bw. Leonardi aichape.

Bw. Leonardi alizituma moja kwa moja kwa wazungumzaji, nazo zimerudi zimejazwa. Zimechapwa ASILI YA MZUNGUMZAJI, na chini yake: "Andika asili yako kwa ukamilifu."

Bw. Leonardi alieleza kwamba aliliona neno "usuli" akajua Katibu amekosea herufi, akamsaidia. Alisema, kwa maneno yake, "Mimi nachapa kadi za harusi mji huu mwaka wa kumi na nne, sijaletewa usuli hata siku moja." Katibu alieleza kwamba neno hilo lipo kwenye kamusi. Bw. Leonardi alijibu kwamba hata "mwanaharamu" lipo kwenye kamusi. Mwenyekiti aliomba wajumbe wasonge mbele.

KUMB. NA. 4/4/2025: KUPITIA FOMU

Ilibainika kwamba, kwa sababu ya kosa lililotajwa, karibu wazungumzaji wote hawakuandika walichosomea wala walikofanya kazi. Waliandika wanakotoka.

Bi. Edina, meneja wa benki, aliandika mstari mmoja: "Asili yangu ni kwa Mungu." Bw. Gervasi, mhandisi mstaafu wa meli, aliandika kwamba mama yake ni wa Kitongoni, Ujiji, na kwamba amelelewa hapo hadi darasa la tatu. Bi. Shadia aliichukua fomu akaisoma tena mwenyewe. Alisema, "Huyu tumekula naye maandazi ya bibi mmoja. Nikimuona nitamchapa, hakuja hata kwenye msiba wa bibi huyo." Dk. Esther, mhadhiri anayetoka Dar es Salaam, aliandika kwamba bibi yake amezikwa Simbo. Bw. Leonardi aliuliza jina la bibi, akahesabu kwa vidole, akatangaza kwamba mhadhiri huyo kwake ni shangazi, ingawa ni mdogo kwa umri. Mwenyekiti alikumbuka kumfundisha kaka wa bibi huyo.

Ajenda ilisimama kwa dakika ishirini na tano. Wajumbe waliwapigia simu ndugu zao. Hata Bw. Edson, ambaye ni mtu wa Arusha, alipata wa kuuliza habari zake, kwa kuwa mkewe ni wa Kasulu. Katibu alisubiri. Alipanga fomu kwa alfabeti, kisha akazipanga upya kwa ukubwa wa karatasi.

Azimio: Katibu awapigie simu wazungumzaji wote na kuchukua historia zao za kazi upya. Fomu za asili zisitupwe.

KUMB. NA. 5/4/2025: MSHEREHESHAJI

Mwenyekiti alipendekeza Katibu awe mshereheshaji, kwa kuwa anaandika vizuri na hana sherehe nyingine siku hiyo. Wajumbe walikubali. Mwenyekiti aliomba mjumbe yeyote atoe usuli wa Katibu kwa sentensi mbili ili uingizwe kwenye ratiba.



Bw. Leonardi alisema Katibu ni mtu wa Mbeya. Bw. Edson alisema ni Iringa. Bi. Shadia alisema hana hakika, ila anajua kwamba Katibu hali samaki wa migebuka, na hilo kwa Kigoma linatosha kumtambulisha mtu. Wajumbe walicheka. Katibu alisahihisha kwamba ni Mbinga, na kwamba migebuka anakula. Alikataa siku moja tu, mwaka 2019, kwa sababu ya jino. Mwenyekiti aliuliza kama Katibu ana mume au watoto hapa mjini. Katibu alijibu hapana. Iliandikwa kwamba Katibu anatoka Nyanda za Juu Kusini. Sentensi ya pili haikupatikana.

Hapo Bw. Edson alisema kwamba huenda suala hili halina haja, kwa kuwa Katibu anahama. Alieleza kwamba Katibu aliomba uhamisho wa kubadilishana miaka minane iliyopita, na muda wote hakutokea mtumishi wa upande wa Mbinga aliyekuwa tayari kuja Kigoma. Sasa amepatikana mmoja. Fomu iko mezani kwake Bw. Edson na Katibu anatakiwa kuisaini kwa mkono wake mwenyewe, ofisini, kabla ya Ijumaa hii saa 9:30 alasiri. Baada ya hapo yule wa Mbinga atapewa mtu mwingine.

Wajumbe walimpongeza Katibu. Mwenyekiti aliuliza mhuri wa Umoja atabaki nao nani. Bw. Leonardi alijitolea. Bi. Shadia alipinga, akisema mhuri ukiingia dukani kwa Leonardi utagongwa kwenye kadi za harusi. Mjadala wa mhuri ulichukua dakika kumi na mbili. Hakuna mjumbe aliyeuliza Katibu anakwenda kwa nani. Katibu anaomba radhi kuliweka jambo hili kwenye kumbukumbu, lakini liliuma.

Azimio: Mhuri ubaki kwa Mwenyekiti.

KUMB. NA. 6/4/2025: KUPUNGUZA MZUNGUMZAJI MMOJA

Bw. Edson alieleza kwamba ratiba inabeba wazungumzaji sita na wapo saba. Alipendekeza aondolewe Bi. Skolastika Bwoma, mkausha dagaa wa kijiji cha ziwani cha Mwamgongo, aliyependekezwa na kata yake kuzungumzia uongozi wa vikundi. Sababu alizotoa ni kwamba hana shahada, hana cheo, anakaa mbali, na fomu yake ina jina tu. Aliuliza, "Tutamtambulishaje mbele ya meneja wa benki?" Bw. Leonardi aliunga mkono. Mwenyekiti aliuliza kama kuna pingamizi. Katibu alikuwa na pingamizi lakini hakulisema, kwa kuwa kazi yake ni kuandika.

Bi. Shadia aliitazama fomu akasema, "Hebu geuza nyuma."

Nyuma ya fomu kulikuwa kumeandikwa kwa kalamu, mistari imenyooka, herufi kubwa kubwa. Mwenyekiti alimwagiza Katibu asome kwa sauti. Yafuatayo ni maneno ya Bi. Skolastika kama yalivyo:

"Mwakeye. Asili yangu ni Mwamgongo. Baba wa Mwamgongo, mama wa Mwamgongo, mimi sijahama. Nilikuwa naanika dagaa kwenye mchanga kama mama alivyoanika. Mwaka 2016 mwezi wa nane alikuja mama mmoja wa serikali na boti. Alitapika njia yote. Upepo ukamfungia, akalala kwangu siku tisa. Siku hizo tulijenga chanja ya kwanza ya kuanika juu, dagaa wasile mchanga. Usiku alinifundisha kuandika kumbukumbu za kikundi, nani amekuja, nani amesema nini. Alikuwa anasema bila ajenda tunapiga kelele tu. Tukamwita Mama Ajenda. Sasa tuko wanawake thelathini na nane na madaftari sita nimeandika mimi. Alipoondoka alisema wiki ijayo narudi. Dagaa wake tuliweka kwenye ndoo mpaka wakaharibika. Nimekubali kuja kusema kwenye mkutano wenu sababu watakuwepo watumishi wengi. Nikimaliza nitauliza kama yupo anayemjua. Nafikiri alirudi kwao. Kama alikufa nataka kujua pia."

Katibu alipofika kwenye madaftari sita alisimama akanywa maji. Alimaliza kusoma.

Mwenyekiti alimuuliza Bw. Edson kama ofisi inaweza kutafuta ni mtumishi gani alitumwa Mwamgongo mwaka 2016. Bw. Edson alisema majalada ya zamani yako stoo na stoo ina popo.

Katibu aliomba ruhusa ya kuzungumza kama mjumbe, akaweka kalamu chini. Sehemu hii imeandikwa baadaye kwa kumbukumbu ya kichwa. Katibu alieleza kwamba mtumishi huyo ni yeye. Alieleza kwamba alikusudia kurudi wiki iliyofuata kama alivyosema, ila aliogopa ziwa. Kisha akahamishiwa dawati la takwimu. Kisha mwaka ukapita, na kila mwaka uliopita ulifanya aibu ya kurudi iwe kubwa kuliko ya mwaka uliotangulia. Alieleza pia kwamba hakudhani kuna mtu Kigoma yote anayemkumbuka, na kwamba ndiyo maana aliomba uhamisho.

Bi. Shadia alisema, "Miaka tisa, Christina? Na Mwamgongo ni saa tatu tu kwa boti?" Ni mara ya kwanza mjumbe yeyote wa kamati hii kumwita Katibu kwa jina lake.

Bw. Leonardi alisema kwamba kama fomu ingechapwa "usuli", yule mama angeandika "sina". Katibu alikubali kwamba ni kweli. Bw. Leonardi aliomba hilo liandikwe, na limeandikwa.

Bw. Edson aliondoa pendekezo lake, akauliza dakika za mzungumzaji wa saba zitatoka wapi. Baada ya kukohoa mara mbili, Mwenyekiti alijitolea kufuta hotuba yake ya ufunguzi ya dakika arobaini. Hakuna aliyepinga.

Maazimio:
(a) Bi. Skolastika Bwoma abaki, na awe mzungumzaji wa kwanza.
(b) Atambulishwe kwa maneno aliyoyaandika mwenyewe nyuma ya fomu, isipokuwa ile sehemu ya kumtafuta mtu.
(c) Barua yake ya mwaliko isitumwe kwa simu. Katibu aipeleke kwa mkono, leo.

KUMB. NA. 7/4/2025: MENGINEYO NA KUFUNGA KIKAO

Bw. Edson alimkumbusha Katibu kuhusu fomu ya kubadilishana na Ijumaa saa 9:30. Alisema boti itamrudisha kesho Alhamisi asubuhi, ziwa likikubali, kwa hiyo muda upo. Katibu alisema amesikia. Alipoulizwa kama atasaini, alisema atajibu akirudi.

Mwenyekiti aligonga mhuri kwenye barua ya mwaliko. Bi. Shadia alimpa Katibu ndimu mbili za kunusa njiani na khanga yake ya kujifunika, akamwonya airudishe. Bw. Leonardi alisema atamfikisha bandarini Kibirizi kwa pikipiki yake, kwa kuwa boti za Mwamgongo hazimsubiri mtu.

Kikao kilifungwa saa 6:25 mchana, kabla ya chai, ili Katibu aiwahi boti.

Kumbukumbu hizi zimenakiliwa upya Mwamgongo, Jumapili, 15 Juni 2025, kwenye karatasi za daftari la saba la kikundi. Upepo haujatulia tangu Alhamisi alfajiri na hakuna boti inayoshuka mjini. Ijumaa imepita.

Mwenyekiti: ............................ (atasaini Katibu atakaporudi)

Katibu: C. Ndunguru (saini)

Imepitiwa na: Skolastika Bwoma, katibu wa kikundi (saini). Amesahihisha makosa mawili.