Swali la Mtumbwi

Kisangani, mtaa wa Mangobo, wakati wa mvua

Mama Masika, mke wangu,

Kabla ya yote nauliza mguu wako kama bado unavimba, na watoto kama wanalala bila kikohozi, na mama yangu kama bado anamaliza sahani yake. Mimi niko hai. Nimekonda, suruali naifunga kwa kamba, lakini hilo usimwambie mama.

Barua yako nimeletewa na yule muuza vitenge wa kwetu aliyekuja na ndege ya mizigo. Unasema shuleni huko Butembo bado wanalala askari, na kaka yako Muhindo anataka kwenda na binti yetu Masika huko Bafwasende, akauze chakula kwa wachimbaji wa dhahabu. Muhindo anauliza mtoto asiye na shule anangoja nini nyumbani. Unataka neno langu kabla hajapata lori. Nitakupa, ila nivumilie kidogo.

Kazi yangu ni ile ile ya toleka, baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma. Nabeba watu, ndizi, makaa, na mara nyingine maiti. Magari hapa yamekwisha, kwa hiyo mji mzima unapita mgongoni mwetu. Jioni magoti yanawaka moto.

Hapa nako shule zimefungwa. Ile iliyo karibu na ninapolala ilipigwa bomu paa, na mabenchi yake askari waliyafanya kuni za kupikia pondu, mboga yao ya majani ya muhogo. Wazazi wanaogopa watoto wavuke vizuizi. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa pale, mjane, Mama Euphrasie, mwenye sauti ya mtu anayeuza samaki. Aliona kwamba sisi wa toleka tunapita kila mahali. Akaja kituoni kwetu na kipande cha ubao alichokiokoa, akasema kama watoto hawawezi kwenda darasani, basi darasa lipande toleka.

Ikawa hivyo. Asubuhi anaandika somo, tunafunga ubao nyuma ya kiti, maandishi yakitazama nje. Leo mimi, kesho mwingine. Popote tulipongojea abiria, iwe mtaa wa Kabondo au kwa wavuvi wa maporomoko, watoto walitoka na vipande vya makaa wakanakili ukutani. Chini ya somo kulikuwa na swali, na chini ya swali maneno mawili: Jibu kesho. Kesho yake tuliwakuta barabarani wakibishana, wengine hawajala, wanangoja jibu.

Mwenzangu Bosco siku moja alifunga ubao kinyume, maandishi ndani, akampakia mama anayeuza chikwange, ile mikate ya muhogo. Walipofika Kabondo hesabu yote ilikuwa imehamia kwenye blauzi ya yule mama. Watoto wakamfuata mpaka sokoni wakinakili mgongo wake, na yeye akidhani wanamcheka makalio. Tulicheka juma zima. Nakuandikia hili ujue kwamba tuliwahi kucheka.

Kisha askari wa kizuizi cha daraja la Tshopo wakasema maandishi yale ni siri za adui. Wakauchukua ubao, na sasa wanachezea karata juu yake. Mama Euphrasie hakugombana nao. Alianza kutufundisha kwa mdomo. Tunasimama kituoni, tunarudia somo mpaka likae kichwani, ndipo tunaondoka kwenda kulisema. Mimi niliyeachia darasa la nne, Mama Masika, nilisimama mbele ya watoto wa watu nikieleza kwa nini mvua inanyesha.

Swali la mwisho alilotupa ni hili. Mtumbwi unashuka mto, unakwenda kilomita kumi na mbili kwa saa. Unapanda mto ule ule, wapiga kasia ni wale wale na nguvu ni ile ile, unakwenda kilomita nne kwa saa. Maji yenyewe yanakwenda mwendo gani?

Mimi nilisema nane. Bosco alisema nne, lakini hakuweza kueleza amezitoa wapi. Tukawauliza wavuvi, maana mto ni wao. Mzee wao akatutazama kama wajinga. Akasema, "Maji gani? Ya mwezi wa tano ao ya mwezi wa kumi na moja?" Tukarudi bila jibu.

Alfajiri iliyofuata Mama Euphrasie hakuja kituoni. Tulimkuta nyumbani na homa, midomo imepasuka. Nikamweka kwenye toleka yangu, Bosco akisukuma kwa nyuma, kwenda hospitali. Alinishika kiunoni, na mikono yake niliisikia moto kupitia shati. Njiani Bosco akamuuliza, "Mama, na ile jibu ya mutumbwi? Batoto banatungojea."

Akacheka kidogo. "Bosco, uko na haraka ya wapi? Jibu kesho."

Hospitalini hapakuwa na dawa. Kesho hakuiona.

Tangu siku hiyo hatuna somo jingine. Watoto wakitoka tunawaambia lile lile la mtumbwi. Wanatusikiliza kwa heshima, lakini kila mara wanaotoka wanapungua.

Sitakudanganya. Masomo ya namna hii hayana karatasi. Mkubwa mmoja wa shule hapa amekwisha kusema kwamba siku milango ikifunguliwa, watoto hawa watarudia miaka yote, kwa sababu hawakukaa kwenye benchi. Muhindo atakuambia hivyo hivyo. Lakini mimi nilipita Bafwasende nikija huku. Niliwaona wasichana wa umri wa Masika kwenye vibanda vya pale mashimoni, na macho yao niliyaona. Masika haendi.

Muhindo akiuliza tena Masika anangoja nini, mwambie baba yake amempa kazi. Masika alimaliza darasa la sita. Msomee swali la mtumbwi. Aandike jibu na njia aliyopita kulipata, taratibu, kama anamweleza mtu mgumu wa kichwa, maana ni mimi nitakayelisema. Chini yake aandike swali jingine, na jibu lake alifiche mpaka barua itakayofuata. Ampe yule muuza vitenge.

Nisalimie mama yangu, na dada yako anayekusaidia shambani, na katekista wetu, mwambie bado nasali. Muhindo naye msalimie, nisionekane nimekasirika.

Watoto wa huku nimewaambia jibu linatoka Butembo. Wakauliza lini. Nimewaambia kesho.

Mimi mume wako,
Kambale, Papa Masika