Makovu ya Mzee Kariuki

Jumatatu, 11 Agosti 2014
Uji wa Babu saa moja asubuhi. Vijiko vinne, viwili vikarudi. Nimebadilisha shuka. Likizo hii nashinda naye wodini, Mama yuko nyumbani na ng'ombe.

Daktari amesema wazi: ni saratani ya tumbo, haijasambaa, inaweza kutolewa. Kwa umri wa Babu hataki kumpasua mkato mrefu. Atapitisha kamera na vyuma kwenye matundu matano madogo. Wazee hupona haraka zaidi hivyo.

Babu amekataa. Ndugu yake alipasuliwa kifuani hadi kitovuni, hakuamka. "Nyama yote hiyo itoke kwa tundu? Huyu kijana ananiona mtoto." Daktari mwenyewe ana mvi.

Jibu linatakiwa Alhamisi.

Jumanne, 12 Agosti
Wamemleta mgonjwa kitanda cha pili. Mzee Kariuki! Alikuwa na duka karibu nasi Kiplombe hadi Januari 2008. Amefanyiwa upasuaji huo huo wiki iliyopita, na tayari anatembea.

Babu alifurahi. "Kariuki, kumbe uko?"
"Niko, jirani. Hata baada ya ghala lako."

Babu akavuta blanketi hadi kidevuni. Nikaenda chooni, nikakaa huko.

Jumatano, 13 Agosti
Nesi alimwomba Mzee Kariuki amwonyeshe Babu makovu yake. Alikataa. "Huyo aliniuza mara moja. Asinitafute tena."

Babu alifumba macho. Hakujitetea. Ameuambia ukuta kwamba ataenda kufia nyumbani.

Naandika mara moja, sitafuta. Wakati wa vita vya baada ya uchaguzi Babu alimficha Mzee Kariuki kwenye ghala letu la mahindi. Vijana wa kwetu, waliokuwa wakiwafukuza watu wa kabila lake, walikuja Babu akiwa malishoni. Wakaniuliza. Nilikuwa na miaka minane. Nilifundishwa kwamba mkubwa akikuuliza, simama wima, jibu kwa sauti. Nilisimama wima. Nikajibu kwa sauti. Walimvunja mkono kabla hajatoroka, na duka wakalichoma.

Mmoja wao aliniambia nina adabu. Nilifurahi. Hilo ndilo baya kuliko yote.

Babu hajawahi kujua nani alisema.

Alhamisi, 14 Agosti
Babu alipopelekwa kupigwa picha ya kifua, nilisimama mbele ya Mzee Kariuki.  Nikasema si Babu, ni mimi.

Aliniuliza nilikuwa na miaka mingapi. Nikamwambia. Akageukia ukuta. Nikajua nimeharibu kila kitu.

Saa nane alishuka kitandani, akakokota dripu yake hadi kwa Babu, akainua shati. Mimi niliangalia dirishani, si vizuri kutazama tumbo la mzee. Nikasikia Babu akihesabu hadi tano.

"Ng'ombe wangu akikwaruzwa na seng'enge anabaki na alama kubwa kuliko hizi."
"Sasa unaogopa nini, mzee mzima?"

Babu amekubali. Ameweka kidole gumba kwenye fomu.

Mzee Kariuki akipita aliniambia, bila kunitazama: "Ya ghala utamwambia mwenyewe. Mimi simo."

Ijumaa, 15 Agosti
Nimemwambia, akiwa tayari kwenye kitanda cha magurudumu. Maneno machache, kwa Kinandi. Aliniwekea mkono kichwani. Labda ni baraka. Labda alikuwa akijishikilia. Wakamsukuma, mlango ukafungwa.

Nilingoja saa nne nzima. Sikustahili kuomba Mungu, nikaomba tu.

Ametoka. Anapumua.

Jumatatu, 18 Agosti
Babu ametembea hadi dirishani na kurudi. Plasta tano tu. Maji vijiko sita, hakuna kilichorudi. Kuhusu ghala hajasema neno. Sijamuuliza.

Mzee Kariuki ameruhusiwa kwenda nyumbani. Mwanawe alikuwa akimngoja getini. Nilishika mkoba wake nikidhani ataninyang'anya. Aliuangalia mkono wangu, kisha akatangulia polepole. Nilimfuata nao hadi getini.