Maji ya Moto ya Mama

Kaka yangu, yaya wangu,

Tangu tukuzike, mama hachemshi tena maji mbele ya watu. Mama mkubwa ndiye aliyesema siku ya matanga, wanawake wa kanisa wakisikia: "Mtoto kaumia kichwa, wewe unamkanda kwa maji ya moto. Si umemfungulia damu?" Mpaka leo mama anaoga maji baridi, na asubuhi za hapa Kyebando unazijua zilivyo na baridi, na tukimuuliza anasema anasikia joto.

Nilikuwa hapo hapo, nimeshika sinia ya vikombe. Nikaendelea kugawa chai.

Wewe peke yako nyumbani ulijua kazi yangu. Mama anadhani naandika majina ya wagonjwa. Nilipokuambia ulicheka mpaka ukakaa chini: "Umekimbia vita Kongo uje kuwa karani wa panya?" Ndiyo, yaya. Kwenye maabara yetu panya wanalazwa usingizi kwa dawa, wanapigwa kichwani kwa mashine, kisha daktari anawatoa damu kidogo kidogo, anapima kemikali zinazovuja kutoka kwenye ubongo ulioumia. Mimi naingiza majibu kwenye kompyuta. Nimeona panya anayekula, anayetembea, anayejisafisha masharubu, na damu yake inasema ubongo unaharibika.

Ulipoanguka na pikipiki ya boda kule Kawempe, ulirudi ukala, ukatutania. Mama akakukanda. Ukasema unasikia usingizi.

Nilifikiria panya. Ndivyo ilivyokuwa. Nikaona haya kumfananisha kaka yangu na mnyama, nikaogopa pia kuambiwa najifanya daktari. Nikasema, "Mwacheni apumzike." Mama akatii, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

Juzi nilimuuliza daktari, nikisingizia kuwa ni habari ya jirani. Akasema kitambaa cha maji ya moto hakifiki huko ndani. "Kilichomuua ni lile pigo," akasema, "na kukaa nyumbani." Nikamshukuru, nikarudi kwenye meza yangu, tarakimu zikakataa kusomeka.

Nusu ya kwanza ya jibu lake ningempelekea mama mbio. Lakini atauliza nimejuaje, na nikijibu hilo, nusu ya pili itatoka yenyewe. Nimejaribu kuzitenganisha, yaya. Hazitengani. Nimemwacha mama abebe mzigo wangu ili nibaki mtoto wake mwenye akili.

Jumapili mama mkubwa anakuja kula kwetu baada ya ibada. Nitasema mbele yake, maana mama alishitakiwa mbele ya watu. Nitaeleza habari ya maji, habari ya panya, na neno nililolisema mlangoni kwako. Wakiniambia niondoke mezani, nitaondoka.

Sikuombi msamaha leo, bado sijafanya lolote. Kwaheri, yaya wangu. Najua nitatetemeka. Nitasema hivyo hivyo, nikitetemeka.

Mdogo wako,
Baraka